Nimehamia Mkono wa Kushoto

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba, pale jua linapofika mapema, maana baridi ya huku mwaka huu haina huruma hata kwa sisi tuliozaliwa Iringa. Magoti yako yanaendeleaje? Mjomba Hamisi aliniambia ulikuwa huwezi kupanda mlima wa kutoka sokoni bila kupumzika njiani. Sasa je? Na bibi, macho yake bado yanatoa machozi akikaa jikoni? Nijibu moja moja, usiniambie tu kwamba wote hamjambo. Mimi mzima. Nala, nalala, na kile kikohozi kimekwisha.

Najua barua hii unasomewa na dada Mariamu. Dada, soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona patamhuzunisha mama. Mwandiko ukikushinda, pumzika kisha urudie. Barua zangu za nyuma ziliandikwa na jirani yangu, Mwalimu Neema, mimi nikimtamkia. Hii nimeiandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Mama, Mjomba alipopita huku na lori la viazi alinifikishia maneno yako. Ulisema nirudi nyumbani nikae naye dukani, kwa sababu mchoraji asiye na mkono atakula nini. Sikumjibu siku ile. Haikuwa kiburi. Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, lakini nataka uyasikie mambo tangu mwanzo, maana hata habari ya kuumia kwangu uliipata kwa watu wa mabasi, na kila mmoja aliongeza lake.

Sikugongwa na gari. Nilikuwa juu ya ngazi hapa Mwanjelwa, naandika jina la mashine ya kusaga. Kibao kilikuwa cha bati zito, kimetundikwa ukutani kwa waya. Ulikuwa msimu wa upepo, ule upepo wa vumbi unaoujua. Waya wa upande mmoja ukakatika, nami badala ya kukiacha kibao kianguke, nikakidaka kwa mkono wa kulia. Kikanishusha nacho mpaka chini na kunilalia vidole. Watu wa mashine walikuja mbio kuninyanyua. Nakumbuka walikuwa weupe kwa unga mwili mzima, nikadhani nimekwisha kufa.

Hospitali walinitunza vizuri. Siku ya kufunguliwa plasta, daktari aliniambia nikunje ngumi. Kidole gumba na cha shahada vilikunjika, cha kati kikajikokota, vile viwili vya mwisho vikabaki vimenyooka kama vya mtu anayekataa kitu. Daktari akasema mfupa umeunga, ila mishipa ndiyo iliyoharibika, na nisitegemee kushika brashi kama zamani. Alisema kwa upole. Nikamshukuru, nikatoka, nikafika mpaka kwenye ukuta wa nje nikakaa chini. Sikulia. Nilikuwa natazama magari yanapita, na kila gari nililoliona nilisoma kwanza maandishi yake ubavuni, nikawa najiuliza nani kaandika.

Kula bado nakula kwa mkono wa kulia, usiwe na wasiwasi. Tonge naliweza. Ni brashi ndiyo inayotetemeka.

Fundi Ambakisye, huyu Mnyakyusa mwenye karakana ya mabango ninakofanya kazi, hakunifukuza. Ni mtu mzima, si msemaji, mkewe ndiye anayesema kwa niaba yake. Alinipa kazi ya kuchanganya rangi, kuosha brashi kwa tapentaini na kukwangua vibao vya zamani. Siku moja aliniacha nijaze rangi ndani ya herufi alizokwisha kuzichora ubavuni mwa lori, nami nikawa najaza taratibu kwa kushoto. Mwenye lori akatokea. Ni mtu wa hapa hapa mjini, lori lake linabeba mizigo mpaka Zambia. Alisimama nyuma yangu akiutazama mkono, kisha akamwita fundi pembeni, lakini si mbali kiasi cha mimi kutosikia.

"Gari langu linapita milima," akasema. "Siandikiwi kwa kushoto."

Fundi akaja akaichukua brashi mkononi mwangu akamaliza mwenyewe. Jioni tulipokuwa tunafunga karakana akaniambia hana neno na mkono wangu, lakini wateja ndio wanaotulisha. Akasema mvua ziko karibu, na wakati wa mvua kazi za nje hazipo. Zikikatika atahitaji mtu wa kupanda ngazi, na kama sitakuwa tayari, itambidi atafute mwingine. Hakusema kwa ubaya, mama. Alinipa masika yote. Mtu mwingine asingenipa hata wiki.

Basi nikaanza kujifunza. Kwanza mkono wenyewe ulikuwa kama si wangu. Nikitaka kuchora mstari ulionyooka unapinda, nikitaka duara napata yai. Na ule wa kulia haukukubali, ukawa unaikimbilia brashi wenyewe kabla sijafikiri, ikabidi niwe nautia mfukoni mwa koti na kuuacha humo. Nikaanza kufanya kila kitu kwa kushoto isipokuwa kula: kufagia, kuchota maji, kumenya viazi, kufunga vifungo vya shati. Viazi nilikuwa nakata nusu nzima pamoja na ganda, mpaka mwenye nyumba wangu akaniuliza kama nafuga nguruwe kwa siri.

Karatasi zilinisumbua. Za dukani hazipatikani ovyo siku hizi, na zikipatikana si za kuchezea. Nikaenda kwa waashi wanaojenga madarasa, wakanipa mifuko mitupu ya simenti. Ukiukung'uta na kuufungua mshono, mfuko mmoja unakupa karatasi kubwa, ngumu, inayomeza wino vizuri. Nilijaza mifuko hiyo mistari. Mistari ya kusimama, ya kulala, ya kuinama, kisha maduara, kisha herufi moja mpaka nimalize mfuko. Lakini mtu ukiwa peke yako chumbani na mvua inapiga bati, moyo unachoka upesi kuliko mkono. Nilikuwa naanza vizuri, halafu najikuta nimelala chali natazama dari.

Hapo ndipo nilipofikiria darasa la Mwalimu Neema. Ni yule jirani niliyemtaja. Anafundisha watu wazima kusoma na kuandika, alasiri, watoto wa shule wakishaondoka. Nilimwomba nije. Akauliza kama namtania, mimi ninayesoma gazeti lake kila wiki. Nikamwambia kusoma najua, kuandika ndiko sijui tena. Alinitazama, akasema njoo na kalamu yako.

Mama, laiti ungelipaona mahali pale. Akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wa kuchoma mkaa, wapagazi wa sokoni wenye mabega kama milango, wote wamejibanza kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu. Na wote mikono inatetemeka. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa mstari uliopinda, maana hakukuwa na ulionyooka. Mimi nilikalishwa nyuma karibu na Bibi Tupokigwe, anayeuza ndizi pale sokoni. Mkono wake umezoea jembe, basi kila akishika chaki inavunjika. Siku ya kwanza alinichungulia kibao changu cha kuandikia.

"Wewe kijana, wanasema unajua kusoma," akaniambia. "Umefuata nini huku?"

"Nimefuata mkono, bibi."

Akauchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza huku na huku kama anavyokagua ndizi, akaurudisha juu ya dawati.

"Wangu nao mgumu," akasema. "Tukae."

Tukakaa, masika mazima. Yeye akijifunza kuandika jina lake, mimi nikijifunza kuandika langu. Alinitangulia. Siku alipolimaliza jina lake lote bila kuangalia ubaoni aliniomba nilitazame vizuri kama hakuna herufi iliyopungua, nikamwambia hakuna. Akaanza kuliandika tena chini yake, na tena, mpaka Mwalimu Neema akasema muda umekwisha.

Kuna jambo moja lililonishinda kwa muda mrefu. Ukiandika kwa kushoto, kiganja kinapita juu ya kile ulichotoka kuandika. Kwa kalamu si kitu, lakini kwa rangi mbichi unajifutia kazi yote. Nilijaribu kuinua mkono, ukachoka. Nilijaribu kukaa upande, shingo ikauma. Halafu siku moja, nikiwa naosha vyombo, nikakumbuka chuoni tulikojifunza Kurani, vile vibao vyetu vya mbao, na maalimu alivyokuwa akitufundisha kuanza kulia kwenda kushoto. Nikaacha vyombo hapo hapo. Nikaandika neno zima kwa chaki kwanza, kisha nikaanza kulipaka rangi kutoka herufi ya mwisho kurudi ya kwanza. Mkono ukawa unaikimbia rangi badala ya kuikanyaga. Nilicheka peke yangu, maana maalimu ndiye aliyekuwa akimchapa binamu Athumani kila akimwona ameshika kalamu kwa kushoto, na leo mafunzo yake ndiyo yamenivusha. Mungu amrehemu.

Mvua zilipoanza kupungua Mwalimu Neema akaniomba nichoree darasa picha kubwa za kutundika, kwa sababu za kwenye kitabu ni ndogo na wazee hawazioni. Nikachora jembe, chungu, nyumba, mama anatwanga. Hizo zilipita. Nilipotundika ng'ombe darasa zima likacheka. Mzee mmoja akasema yule ni mbuzi aliyevimba. Nikacheka nao, lakini jambo lilinikaa rohoni. Kesho yake nikaenda mahali ng'ombe wanaposubiri kuchinjwa, nikakaa juu ya jiwe na mfuko wangu wa simenti, nikachora mpaka mikono ikafa ganzi kwa baridi. Nikawa naenda kila nilipopata nafasi. Ng'ombe ni mgumu kuliko mtu. Mtu ukimkosea kidogo watu watasema labda ni ndugu yake, ng'ombe akikosewa ni mnyama mwingine kabisa.

Sasa sikia ilivyokuwa. Mvua zimekatika, fundi ameanza kuuliza-uliza habari za kijana mmoja mwandishi wa mabango kutoka Tukuyu. Alifanya hivyo mbele yangu, hakunificha. Wakati huo huo akaja karakana mwanamke mmoja, Bi Mwajuma, mwenye hoteli ya chai na wali kule Igawa, barabara kuu inapopita. Watu wake asili yao pwani, kama baba, ila yeye amezaliwa huku huku. Alitaka ukuta mzima wa hoteli upakwe, jina na picha. Fundi akamwambia mafundi wake wamebanwa, yupo mmoja tu, na huyo anafanya kazi kwa kushoto kwa sababu aliumia. Alimwambia waziwazi. Bi Mwajuma akataka kuona. Nikamletea ile mifuko ya simenti, nikaitandaza chini, naye akaipita mmoja mmoja akiwa amekunja baibui lisishike rangi.

"Mimi nataka madereva wasimame," akasema. "Ukiweza kuwasimamisha, hata ukiandika kwa mguu."

Nikaenda Igawa. Mama, usiku wa kuamkia kazi sikupata usingizi. Nilianza na jina. Herufi zikaegemea nyuma zote, kama watu wanaovuta kamba, na rangi ikachuruzika mpaka chini. Wapita njia wakasimama, lakini si kwa jinsi alivyotaka Bi Mwajuma. Akatoka na kikombe cha chai, akautazama ukuta, akanipa chai, akasema, "Hilo si jina langu. Lifute." Kisha akarudi ndani kukaanga vitumbua. Hakugomba, wala hakuniambia nifungashe.

Nililifuta. Nilikaa chini ya ukuta ule nikayakumbuka maneno yako, na siwezi kusema uongo, dukani kwa Mjomba palinijia mbele ya macho, kiti na mizani na kivuli. Ningeondoka siku ile hakuna ambaye angenilaumu. Nilichofanya ni kutafuta fimbo, nikaifunga kitambaa kwenye ncha, nikaishika kwa mkono wa kulia na kuiegemeza ukutani. Vile vidole vitatu vinaweza kushika fimbo. Juu ya fimbo nikaupumzisha mkono wa kushoto. Ule wa kulia ukawa na kazi, na nilipouona una kazi nikatulia. Nikapiga chaki upya. Nikaanza na herufi ya mwisho. Adhuhuri ilipofika jina lilikuwa limesimama wima, na Bi Mwajuma alipotoka alilisoma kwa sauti, akaingia ndani akaniletea wali.

Ukuta uliobaki nilichora vikombe vinavyotoa moshi, lori limeegeshwa, na ng'ombe wanavuka barabara, kwa sababu wateja wake wengi ni wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu na mifugo yao. Niliwachora kama nilivyowaona, huyu amegeuza kichwa, yule anafukuza nzi kwa mkia. Mzee mmoja mfugaji alisimama na fimbo yake shingoni, akawakagua wote kwa zamu. Halafu akanionyesha mmoja.

"Huyu ana mimba," akasema.

Mimi sikukusudia mimba. Nilikuwa nimempinda tumbo kidogo kuzidi. Nikamwuliza kama nimpunguze, akasema la, mwache azae, itakuwa heri kwa mwenye hoteli. Mama, nilifurahi kuliko kama ningelisifiwa. Mtu haoni mimba kwa mbuzi aliyevimba.

Siku ya mwisho Fundi Ambakisye alishuka kwenye basi bila kunitaarifu. Alivuka barabara akasimama upande wa pili, mikono nyuma, akitazama. Wakati yuko pale malori mawili yakaegesha, madereva wakashuka, mmoja akawa anamwonyesha mwenziwe wale ng'ombe huku wanaingia ndani. Fundi akaja, akapitisha kidole pembeni mwa herufi moja kuona kama imenyooka.

"Yule kijana wa Tukuyu nitamwandikia asije," akasema. Akanywa chai, tukarudi Mbeya pamoja, na njia nzima hakusema lingine isipokuwa kuniuliza kama nina baridi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Yule mwenye lori hajarudi, anapeleka gari lake kwa fundi mwingine, na wapo wengine wa namna yake. Nimezoea. Kasi yangu bado ni ndogo, kazi ya siku moja zamani sasa nafanya siku mbili, na herufi nyembamba bado zinanishinda. Kila asubuhi kabla ya kazi najaza karatasi moja mistari na maduara kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikiacha siku mbili tu mkono unasahau.

Lakini kichwa kimejaa mipango, mama, mpaka nyingine nalazimika kuichora pembeni mwa karatasi nisiisahau. Darasa la Mwalimu Neema linataka picha nyingine, na wenzake wa vijiji vya jirani wameziomba pia, kwa hiyo najifunza namna ya kukata mchoro kwenye ubao ili nipige chapa nyingi badala ya kuchora kila moja. Ubao wa kwanza niliukata neno likatoka kinyumenyume. Wa pili utakuwa mzuri. Zahanati ya huku nayo ina ukuta mrefu mtupu, nimewaambia nitawachorea mama anachemsha maji ya kunywa, nao wanangoja ruhusa. Halafu kuna lile la siku nyingi, kitabu cha picha kwa watoto, safari ya kutoka Iringa kuja Mbeya, vilima, mbao zimepangwa kando ya barabara, Igawa na ng'ombe wake, mpaka ukungu wa huku. Hilo litachukua miaka, na sina haraka nalo. Sasa hivi najifunza nyuso. Uso mmoja kila jioni, yeyote atakayekubali kukaa. Bibi Tupokigwe amekaa mara tatu na kila mara anasema nimemzeesha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na naliomba kwako kama ruhusa, sikupi kama taarifa. Nataka kubaki. Mjomba umwambie namshukuru, dukani kwake ningeshiba, lakini ningekuwa nasoma maandishi ya magari ya watu maisha yangu yote. Idi nitakuja, na nitakaa siku za kutosha. Nataka unikalie kitini uani nikuchore, wewe na bibi. Usivae kitenge kipya. Vaa kile unachovaa ukipepeta mchele.

Nisalimie bibi, mwambie kamwene kwa lugha yake, na kwamba mjukuu wake bado anaota ugali wake wa ulezi. Msalimie Mjomba Hamisi na mkewe. Binamu Athumani mwambie nimejua sasa alivyokuwa akiteseka chuoni, na nikija anifundishe anavyotumia mkasi kwa kushoto. Shemeji yangu, mume wa dada Mariamu, nimesikia amepata uhamisho kwenda shule ya karibu, nampongeza. Na wewe dada, ahsante kwa kusoma yote haya. Mwalimu Neema anamsalimu mama, anasema anamjua kwa maneno yangu.

Jambo la mwisho, mama. Najua majirani wanakuuliza habari zangu kila siku. Usiwaambie nimepona, maana mkono ule haujapona na daktari alisema ukweli. Waambie Rajabu yuko kazini.

Akulinde Mwenyezi Mungu mpaka tuonane.

Mimi mwanao,
Rajabu